Jina la Furia na Jina la Mama Yake

Bononia, siku ya nane ya mwaka mpya

Kwako Mama Nerka,
Patavium, nyumba ya tatu kutoka daraja la waosha sufu.

Mama yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana barua hii si ya kusomwa kwa kusimama. U hali gani huko? Goti lako linasemaje na baridi hii? Na bibi, bado anakula kiapo kwamba yeye si kiziwi, ni watu wa siku hizi ndio wanaonong'ona? Nakumbuka siku ile michezo ilipotupeleka Patavium na Frema wako akanileta kwenu, bibi alivyonipa bakuli la maharage akaniuliza jina langu mara tatu, na mara zote tatu akaniita jina la mbuzi wake. Mwambie mbuzi wake anamsalimu.

Mimi mwili ni mzima. Bega huniuma mvua ikikaribia, lakini mkono unainuka, na chakula sikosi. Usishangae kuona herufi zilizopinda kama miguu ya kuku, kwa kuwa nimejiandikia mwenyewe. Kusoma nimejifunza mwaka huu uliokwisha, na sababu yake utaiona mbele. Mwandishi wa sokoni sikumtaka. Haya sikupenda yapite kwenye sikio la mtu mwingine kabla ya macho yako, na wewe najua utayasoma mwenyewe, maana ulifundishwa herufi hekaluni tangu ungali msichana. Frema alijivunia jambo hilo kambini kuliko hata ushindi wake.

Baada ya salamu, ujumbe wako nimeupata kwa kinywa cha Ostiala, mchuuzi wa sufu. Aliutoa akitazama viatu vyake, maskini, kama mtu aliyetumwa kubeba nyoka kwenye kikapu. Amesema bamba la madini ya risasi la kuandikia laana umekwisha kulipata, na msumari wa kulitoboa, na kaburi la kulizika umekwisha kulichagua. Kilichobaki ni majina. Na majina yenyewe unayataka kamili, kwa sababu mtu akilaaniwa kwa jina lake peke yake laana hupotea njia; wenye jina moja ni wengi. Lazima atajwe pamoja na mama aliyemzaa. Baba wa mtu ni wa kuambiwa, mama hana mjadala.

Kwa hiyo umeniuliza mambo mawili. Kwanza, mkuu yule aliyegeuza dole gumba ili mwanao achinjwe ni nani, na alizaliwa na nani. Pili, Furia, mwanamke aliyemchinja, jina lake la nyumbani ni lipi na mama yake ni nani, maana risasi haiyajui majina ya uwanjani. Ulisema niulizie kambini, kwa kuwa mimi niliishi nao. Majibu yote mawili ninayo na nitakupa yote mawili. Nakuomba tu usiruke mistari.

Mkuu yule anaitwa Laronius, na "anaitwa" nasema kwa mazoea. Mama yake ni Hostilia. Nilikuwa nimemdodosa mwanamke wa kufulia nguo za nyumba yake mpaka nikalipata. Andika ukipenda, ila utakuwa unampiga maiti. Laronius amekufa, Mama. Nitakueleza alivyokufa, hatua kwa hatua, ili ule, ushibe.

Unajua mwaka ule ulivyokuwa, Kaisari wanne ndani ya mwaka mmoja. Sisi wapiganaji wa uwanjani, wa kambi ya Mutina, tuliapa kwa Galba, na kabla mate hayajakauka mzee wa watu akachinjwa barabarani huko Rumi, tukaapa kwa Otho. Laronius ndiye aliyekuwa mkuu wa mji, na kila kiapo alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Watu husema bendera hufuata upepo. Yeye alikuwa akikimbia mbele ya upepo, akigeuka kuangalia kama unakuja.

Katika mwezi wa Aprili akaamua kumfanyia Otho michezo, na akataka wanawake wapigane, kwa sababu mji wa jirani ulikuwa haujawahi kuwa nao. Akaamuru ngao zetu ziandikwe jina la Kaisari kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kuonekana mpaka viti vya juu kabisa. Kisha akaja mwenyewe kambini kumtafuta wa kutoa salamu. Tukapanga mstari, kila mmoja akapiga ukelele wake. Alipofika kwa Frema, wewe sauti ile unaijua, ni yako, ile ya kuita ng'ombe walio bonde la pili, Laronius aliziba masikio akacheka. "Huyu! Huyu atasikika mpaka kwa Kaisari mwenyewe!" Akamfundisha maneno: Uishi Otho Kaisari, na Mutina ikuishie wewe.

Tulikoma siku zile. Frema aliisema salamu akioga, akafunga viatu akiisema, akamwamsha nayo mwalimu wetu wa upanga aliyesinzia mchana. Mwalimu akamtupia kandambili. "We mwanamke, Otho kakuoa?" Frema akamjibu kwamba bado, ila mahari imeshajadiliwa.

Siku ya michezo ilipofika, tulijua kwamba kuna vita vimepiganwa ng'ambo ya mto, lakini nani kashinda hakuna aliyejua. Tulikuwa tumeshavaa, tuko chini ya viti vya uwanja, kofia za chuma mapajani. Huko nje, wapanda farasi wakaingia mjini na habari. Otho kashindwa, kajichoma kisu mwenyewe, Kaisari sasa ni Vitellius na wao ndio askari wake. Laronius akawafungulia lango kwa mikono yake, akawaketisha viti vya mbele, akawapa divai aliyokuwa amewawekea wengine. Na fundi rangi akatumwa chini mbio, na kopo na brashi.

Fundi yule ni mzee mtumwa, mtu mwema. Alikuja akihema. "Geuza, geuza nipake!" Akazipaka chokaa ngao zote, na juu yake akaandika upya. Hapo hakuna kati yetu aliyejua kusoma. Kwetu ilikuwa michoro. Frema akamtania, "Mzee, leo umeniongezea urembo, kuna mchumba kafika?" Mzee hakucheka, akarukia ngao iliyofuata. Yeye alidhani mwalimu keshatuambia. Mwalimu alidhani fundi ndiye aliyetumwa kutuambia. Laronius hakudhani lolote, kwa sababu sisi hatukuwamo kichwani mwake. Mtu anakufa hivyo tu, Mama, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake kasema.

Tukatoka mchangani. Frema akapiga hatua tatu mbele, akainua ngao, jina la Vitellius likiwa bado bichi linachuruzika rangi mpaka kiwikoni, akajaza kifua, akamtakia Otho maisha marefu.

Uwanja mzima ulicheka. Ngao yasema hivi, mdomo wasema vile! Watu waliangukiana kwa kicheko, na Frema ndani ya kofia yake alidhani wanamshangilia, akarudia. Wapanda farasi hawakucheka. Mkubwa wao aligeuza shingo taratibu, akamtazama Laronius kuanzia viatu mpaka utosi. Nilimwona Laronius akipauka.

Kisha pigano. Frema alipangiwa Furia. Sisi wanawake hatukuwa tukipiganishwa mpaka kufa. Watu walikuja kutuona tukianguka, siyo tukizikwa, na mwalimu alituahidi hivyo asubuhi ile kama alivyotuahidi siku zote. Kwa hiyo walipigana kwa nguvu na bila hofu, kama wanavyopigana watu watakaokula sahani moja jioni. Furia akampiga dafrau ya ngao, Frema akateleza kwa kisigino, upanga ukamtoka. Akainua kidole kuomba kuachiwa, kama desturi. Mwamuzi akaweka fimbo yake katikati. Watu wakaanza, "Mwachie! Mwachie!" Mama, nakuapia, hapakuwa na kinywa kilichosema vingine. Wanawake wa viti vya juu walipunga mitandio.

Laronius hakuwatazama watu. Alimtazama yule mkubwa wa wapanda farasi, kama mbwa anavyotazama mkono wa bwana wake kujua kama una mfupa au una jiwe. Kisha akasimama, akajikohoza, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Anayemlilia Otho, amfuate Otho!" Akageuza dole gumba.

Aliyemfundisha jina lile ni yeye. Alijisafisha uso kwa damu ya mwanao, na mkubwa wa wapanda farasi akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akarudia divai yake. Furia akatii.

Majivu yake niliyakusanya mimi mwenyewe, sikumruhusu mtu mwingine ayaguse. Mbele ya moto ule niliapa kwamba Laronius atakufa mchangani na kwamba nitakuwapo. Nilikuwa naamka na kiapo hicho na kulala nacho. Uji wangu ulikuwa na ladha yake. Kila alipopita na kiti chake cha kubebwa nilihesabu hatua kutoka lango mpaka shingo yake. Wenzangu walinikumbusha kwamba yeye ni mkuu wa mji na mimi ni kitu kilichoandikwa kwenye orodha ya mali ya kambi, kati ya mikuki na ndoo. Nikawajibu kwamba hata ndoo ikimwangukia mtu kichwani inaua.

Nikaanza kwa kujifunza kusoma. Nilimwendea yule mzee fundi rangi, nikamwambia anionyeshe kilichomwua Frema. Alilia kwanza. Halafu akachora chini kwa kijiti herufi nne, O, T, H, O, akanitamkia moja moja. Tangu hapo kila alipokuwa akichanganya rangi zake nilikaa naye, na kufikia majira ya kuvuna zabibu nilikuwa nasoma chochote kilichoandikwa ukutani, na kuta za Mutina, Mama, zina matusi ya kutosha kumfundisha mtu.

Upepo nao ukageuka tena. Majeshi ya Vespasianus yakashuka kutoka mashariki, yakawapiga watu wa Vitellius ng'ambo ya mto, yakauteketeza mji wa Cremona, kisha kikosi kimoja kikaja kwetu, masizi bado yako usoni. Askari wale walikuwa wamezika wenzao wengi. Ukilitaja jina la Vitellius mbele yao, mkono wenyewe ulienda kwenye upanga. Na Laronius? Ah, Laronius akatangaza michezo! Michezo ya kumshukuru Vespasianus, ambaye alikuwa akimpenda siku zote, kumbe, ila alikuwa anaona haya kusema.

Fundi rangi alinijia akinung'unika. Alikuwa amemwomba Laronius ngao mpya, akajibiwa paka juu ya zilezile. Rangi juu ya rangi tangu enzi za Galba. Na safari hii hata gundi hakupewa muda wa kuchemsha. Alipaka chokaa na uji wa unga, basi. "Mungu wa mvua akipiga chafya tu imekwisha," alisema. Alisema kama fundi anayelalamikia kazi mbovu. Mimi nilijiinamia, nikaendelea kufunga kamba ya kiatu, na kila neno nikaliweka akilini.

Nikamwomba mwalimu anipe mimi kazi ya kutoa salamu. Laronius akaja mwenyewe kunifundisha, kama alivyomfundisha Frema, amesimama pale pale. "Safari hii msiniharibie," akasema. "Ves-pa-sia-nus. Rudia." Nikakosea makusudi. Akanizaba kibao. Nikakosea tena. "Hivi vichwa vyenu vimejaa nini, mchanga?" Nikamwambia ndiyo bwana, mchanga. Mara ya tatu nikalitamka vizuri, akafurahi, akaniambia kumbe ninafundishika.

Asubuhi ya michezo, chini ya viti, kila mmoja wetu alipewa kikombe chake cha siki na maji. Wenzangu walikunywa. Mimi nilichovya kitambaa, nikaiosha ngao yangu pole pole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Jina la Vespasianus lilitoka lote na uji wake. Chini yake Vitellius alikuwa mwekundu, mzima, kama kaandikwa jana. Nikaifunika kwa kitambaa changu cha kichwa mpaka lango lilipofunguliwa.

Nilitoka, nikapiga hatua tatu. Nikainua ngao juu kabisa, nikaigeuzia viti vya askari. Na kwa mdomo nikasema kila neno kama nilivyofundishwa, Uishi Vespasianus Kaisari, bila kukosea hata silabi.

Safari hii hakucheka mtu. Akida wa kikosi kile, mtu mfupi mwenye kovu la moto shavuni, alisimama akaniuliza ngao yangu imeandikwa nini. Nikamjibu, "Sijui, bwana mkubwa. Sisi hatujui kusoma. Tunabeba tunachopewa na bwana Laronius." Akaruka ukuta, akaja mpaka mchangani. Akaitisha ngao za wenzangu zote, akatoa kisu chake, akaanza kukwangua. Alipokwangua Vespasianus akamkuta Vitellius. Alipokwangua Vitellius akamkuta Otho. Kwenye ngao moja ya zamani alimkuta mpaka Galba. Kila jina alilitangaza kwa sauti kubwa, na watu sasa wakaanza kucheka, kicheko cha hofu, kama wanaomwona mtu akimenya kitunguu kisicho na mwisho.

Laronius alisimama akijitetea huku divai ikimmwagikia vazi. Mara ni kosa la fundi, mara ni watumwa hawa, mara ni huyu mwanamke mwehu. Akida akamwuliza kwa upole, "Na wewe tukikumenya, bwana mkuu, tutamkuta nani ndani?" Askari wawili wakamnyanyua, wakamtupa chini kwenye mchanga kama gunia la ngano.

Akida akawageukia watu wa Mutina. Akawauliza kwa mzaha, kwa sababu kwake yote yalikuwa mzaha, aachiwe au achinjwe. Watu wakatazamana, maana wengi walikuwa wamekula mkate wake. Kisha mwanamke mmoja kule viti vya juu kabisa, sikumwona uso, akapaza sauti, "Anayemlilia Vitellius, amfuate Vitellius!" Uwanja mzima ukadaka. Waliyasema kwa mpigo mmoja, wakigonga miguu, mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye mbao. Mchimba kisima huingia mwenyewe, Mama. Niliyasikia maneno yake yakimrudia yote, na nakiri yalikuwa matamu.

Akida akaniamuru nimalize. Laronius akatambaa, akanishika paja, kama desturi ya aliyeshindwa; sijui nani alimfundisha. Akasema, "Dada yangu, nakuomba, iwe haraka." Nilivua kofia ili anione. Nikamwambia mimi ni mwenzake Frema. Akanitazama, akili inahangaika kutafuta, nikaona kweli anatafuta. Akaniuliza, "Frema gani?"

Hilo liliniuma kuliko dole gumba. Nikamwinamia sikioni, nikamtajia polepole ili aende akilijua: Frema, aliyezaliwa na Nerka. Nikamlazimisha alirudie. Alipokosea nilimzaba kibao. Alipolipatia nikampiga upanga. Pale pa kupiga ili iwe mara moja napajua, nimefundishwa miaka sita, na sikupiga pale. Ilichukua muda, Mama. Askari wenyewe waliacha kupiga makofi. Nilidhani nitalia baadaye, lakini nilichosikia ni njaa, nikala mikate miwili.

Akida aliona ni kichekesho kizuri, akachomoa upanga wa mbao kwenye rafu ya mwalimu akanikabidhi mbele ya watu wote, yaani nimeachwa huru. Nilitoka Mutina siku ileile, kabla ndugu zake Laronius hawajapata akili. Sasa niko hapa Bononia, nakanda unga kwa mwoka mikate nyuma ya bafu la zamani. Ukimwuliza mtu yeyote hapa mwanamke wa bega moja juu, atakuonyesha mlango.

Hilo la kwanza limekwisha. Sasa la pili, Furia.

Nimelichelewesha kwa sababu nilitaka ushibe kwanza lile. Umetuma watu mpaka Ravenna kumtafuta Furia. Umemwuliza kila mchuuzi. Ostiala anasema hata wewe mwenyewe ulitaka kupanda gari la ng'ombe uje. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. Furia ulimpikia maharage. Ulimkanda bega kwa mafuta ya moto, ukamwambia kwamba kwa kuwa hana mama, wewe unatosha kwa wawili. Furia ni mimi. Jina lile alinipa mwalimu siku ya kwanza kwa sababu nilimng'ata, na Frema hakulitaja kwako kamwe kwa sababu alisema ni jina la mbwa.

Sikukudanganya kwa kinywa. Nilimtuma Ostiala akwambie kwamba amekufa na kwamba nilikuwapo. Nilikuwapo. Mengine niliyameza, na kila ulipotuma salamu ukiniita mwanangu yalizidi kukua tumboni.

Dafrau ile ilikuwa yangu. Niliipiga kwa nguvu zote, kwa sababu tulikuwa tukishindana nani atamwangusha mwenzake mara nyingi zaidi kabla ya majira ya joto. Laronius alipogeuza dole, Frema alinishika paja. Hakujua hata kosa lake ni nini, aliniuliza, "Kwani nimesema nini?" Nami sikujua. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuja na chuma cha moto cha kuwachoma wanaositasita. Basi Frema akasema chini kwa chini, "Volsuna, usinipige mara mbili." Nikamwambia sawa. Nilimpiga mara moja. Ahadi hiyo nimeitimiza, na nyingine yoyote niliyowahi kumpa sina ninayoikumbuka.

Utaambiwa kwamba sikuwa na hiari, kwamba ningekataa wangetuua wote wawili. Ni kweli wangetuua. Lakini mwaka wangu wa pili kambini nilimwona mwanamke wa Galia akitupa upanga wake chini mbele ya rafiki yake, akaketi juu yake kama mtu anayepumzika. Waliwaua wote wawili. Kwa hiyo nilijua kwamba kukataa kunawezekana. Nilijua, na sikukataa. Nilimchukia Laronius kwa kiasi kile kwa sababu watu wa kuchukiwa walikuwa wawili, na mmoja wao, mimi mwenyewe, sikuweza kumfikia kwa upanga nikabaki hai kumwua mwingine.

Sasa mwingine amekufa na kazi yangu imekwisha. Iliyobaki ni yako. Andika, Mama, wala usinionee huruma kwa ajili ya maharage. Jina la mama yangu, ambalo hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukuambia, nimeliweka chini mahali pa sahihi, herufi kubwa, ili usikosee kulinakili. Yeye alikufa zamani, haitamdhuru. Na kama utaona risasi ni baridi mno, unataka kwa mkono wako, mlango nimekwisha kukuelekeza. Sitahama.

Majivu ya Frema anayo Ostiala, ndani ya chungu chenye kifuniko kilichofungwa kwa nta. Mwambie asikiweke karibu na sufu mbichi, Frema hakuipenda harufu yake. Nisalimie bibi. Nisalimie majirani wa darajani, na yule mwenye pua aliyetaka kumposa Frema, mwambie alikuwa amekwisha kumkubali, ila alikuwa anamchezea. Goti lako lifunge kwa kitambaa cha moto kabla ya kulala. Nakutakia uzima zaidi ya ninavyojitakia mwenyewe.

Ni mimi,

VOLSUNA,
ALIYEZALIWA NA BUO.